Yule mama wa bethidei ya jana, unajijua. Makofi ya nini?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Wa mtaa wetu mnamjua, simtaji. Yule mwenye geti jeusi na simba wawili wa saruji, mmoja hana sikio.

Binti yangu wa kidato cha tatu alialikwa bethidei ya mwanawe. Nikamruhusu, mwisho saa mbili usiku. Saa tatu simu haipokelewi. Nikadaka bajaji na kandambili zangu mguuni. Kufika, muziki unapigwa mpaka mabati ya jirani yanacheza. Nikamwomba mlinzi kistaarabu aniitie mtoto. Mara muziki ukazimwa. Nikasema afadhali, wanamtafuta. Kumbe mama mwenyewe kampokonya MC maiki: "Jamani, kuna baba yuko getini na bajaji, kaja kumfuata mtoto saa tatu hii kama wa chekechea. Tumpigie makofi!"

Wakapiga. Watoto 80, makofi ya kilo. Hata dereva wa bajaji kapiga, na nauli nimelipa mimi!

Binti akatoka kajiziba uso na sahani ya keki. Njia nzima hakunisemesha, krimu imemkaukia kwenye nyusi.

Sherehe sizikatai. Mtoto azoee watu, ajue kucheza, asije akawa kama mimi niliyegandia kitini kwenye harusi yangu mwenyewe. Ila geti lilivyofunguka nimeona ndoo ya juisi nyekundu haina mtu mzima karibu, kila mpita njia anachota na kumimina anachojua yeye. Na vijana wenye ndevu ambao si wa kidato chochote. Pombe nchi hii ni kuanzia miaka 18, keki ilikuwa na mishumaa 16. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku 2017 lakini ile harufu siwezi kuisahau, nimevinywa. Na mliosahau Tabora 2008, sikukuu ya Idd: watoto karibu 20 walikufa ukumbini kwenye disko toto, walijazwa kama dagaa. Halafu mzazi anayefuata mwanawe ndiye kituko?

Makofi, wakuu. Kwa MAIKI.

Kisiki cha Mpingo: Pole mkuu. Kandambili zipi, za msalani?

Baba Bajaji (mleta uzi): Za msalani. Zinahusu nini?

Kisiki cha Mpingo: Basi mama wa watu kakustahi. Mimi ningeomba na vigelegele.

Mtoto wa Pwani: Ungeinama kidogo, ukapunga mkono, ukatoa na shukrani kwa kamati.

Mama Watatu: Baba, kosa ulilifanya mapema. Uliuliza watu wazima gani watakuwepo? Mimi wangu nawapeleka mwenyewe, najipachika jikoni kwa wenyeji namenya viazi mpaka keki ikatwe. Kuwakatalia siwezi, watatoroka. Nilitoroka mimi 1998 kwa dirisha la choo, kifundo cha mguu kinaniuma hadi leo mvua ikitaka kunyesha.

Mzee wa Kuguna: Watoto 80 kwenye nyumba moja? Chai hii, haina hata sukari.

Baba Bajaji (mleta uzi): Njoo uhesabu makofi. Bado nayasikia. Asubuhi muuza genge kaniuliza "umeamkaje, baba wa chekechea?"

Kisiki cha Mpingo: 😂😂😂 Muuza genge apewe soda.

Usiku Haulali: Bethidei ina mwisho, shukuru. Huku Mbagala kigodoro, ngoma ya kukesha mtaani, kimeanza Ijumaa, leo Jumapili spika bado iko chini ya dirisha langu. Wanaokata viuno ni watoto wa darasa la sita, mama zao ndio wanaotunza. Nimemwambia mjumbe, kumbe yeye ndiye kakodisha jenereta.

Nimechoka Kuchanga: Kelele utaziba masikio. Mimi nimechangishwa elfu hamsini ya bethidei ya mtoto wa bosi, nimefika napewa pilau lenye nyama moja, na hiyo nyama ni mfupa.

Mtoto wa Pwani: Mfupa una supu. Kachumbari je?

Nimechoka Kuchanga: Ipo, haina pilipili.

Mama Watatu: Elfu hamsini na kachumbari haina pilipili?! Huo ni wizi sasa.

Baba Bajaji (mleta uzi): Wakuu, turudini kwenye makofi.

Usiku Haulali: Subiri kwanza mkuu. Hilo pilau lilikuwa la bizari au la unga wa pakti?