Bunduki mbili za urithi: BRNO ya .375 na Jeffery ya .404, ipi ina bei?

Mwana_Masasi: Salaam wakuu. Marehemu babu alikuwa mwindaji wa leseni, katuachia bunduki mbili: BRNO ZKK 602 ya Kicheki, inayotumia risasi za .375, na Jeffery ya Kiingereza, ya risasi za .404, ya enzi za Mwingereza. Zote ziko polisi tangu msiba. Wajomba wanataka tuuze moja. Mtandaoni nimeona Jeffery zinauzwa London kwa mamilioni, basi nawaza iuzwe hiyo. Nakosea?

Fundi_Mikindani: Poleni na msiba. Bei ya London ni ya bunduki iliyoko London, mkuu. Ya kwako iko Masasi, na haivuki mpaka wa nchi bila vibali. Mnunuzi wako ni mtu wa hapa, lazima awe na leseni yake, na swali lake la kwanza ni risasi. .375 ilitoka 1912 na hadi leo viwanda vingi vinaitengeneza. Za .404 utazitafuta kwa tochi. BRNO itatoka mapema.

Mjukuu_wa_Liwale: Kutoka mapema siyo kuwa na bei kubwa, fundi. Jeffery ikiwa safi ina wapenzi wake, maana idara za wanyamapori za kikoloni ziliziamini sana. Ila iwe safi kweli. Tazama namba ya bolti (kile chuma cha kufungia risasi), ifanane na ya mwili. Tazama shingo ya kitako, kama ina ufa hata wa unywele. Ndani ya mtutu ndiyo kesi kubwa: fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi, na asiyesafisha siku hiyohiyo mistari ya ndani ililiwa. Na kama kuna mtu aliitoboa matundu ya darubini, wapenda vya kale watakukimbia, ingawa mwindaji wa kawaida hajali. BRNO yako angalia mhuri wa ukaguzi wa Kicheki, una tarakimu 2 za mwaka.

Mwana_Masasi: Babu alikuwa akisema hiyo Jeffery ilipita mikononi mwa Ionides.

Mjukuu_wa_Liwale: Huku Liwale kila bunduki kuukuu ilikuwa ya Ionides! Alikuwa bwana nyama hapa kabla ya kuhamia Newala kukamata nyoka. Una karatasi? Huna, basi hiyo ni hadithi ya kahawa, haiongezi hata shilingi.

Mama_Korosho: Jamani msiing'arishe! Ya marehemu mume wangu ilikaa kwenye mfuko wa ngozi hapa Lindi, hewa ya bahari ikaipiga kutu. Nikampa fundi mwenye kibali, akaikwangua na kuipaka rangi upya ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mfanyabiashara wa silaha Dar akaitazama mara moja, akaniambia, "Mama, umefuta nusu ya bei." Kutu kidogo ile ningeipaka mafuta tu.

Fundi_Mikindani: Hapo mama kasema. Rangi ya kiwandani hata ikichakaa ni mali.

Mwana_Masasi: Nimerudi wakuu. Nimeruhusiwa kuzitazama mbele ya askari. BRNO ina mhuri wa 78, mtutu unang'aa ndani. Jeffery bolti ina namba yake na mwili una namba yake, na matundu 4 ya darubini juu. Nimemwambia mjomba mkubwa tuuze BRNO. Kaniuliza nauli ya London ni kiasi gani.