Ubobezi wa tiba ya wagonjwa mahututi: niombe nafasi au nibaki na ubingwa nilio nao?

Swali

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Nimebakiza miezi minane kumaliza ubingwa wa magonjwa ya ndani, na fomu ya kuomba ubobezi wa wagonjwa mahututi iko mezani kwangu tangu juzi. Kazi ya ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, naipenda: kumpokea mgonjwa ambaye shinikizo la damu limeporomoka, kumwongezea maji, kumwanzishia noradrenalini, dawa ya kulipandisha, na ndani ya saa chache kujua kama nilifikiri sawasawa. Kinachonitia shaka ni miaka mingine ya posho ya mwanafunzi, zamu za usiku, na wakubwa zangu niliowaona wakichakaa kabla ya umri wao. Naomba waliopita njia hii wanieleze na machungu yake.

Jibu la kwanza

Daktari, hicho unachokipenda ni sehemu ndogo sana ya kazi. Fani hii ilizaliwa Copenhagen mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio, pale daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipopendekeza kwamba wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua watobolewe koo na kusukumiwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana usiku na mchana kuminya mifuko ya hewa. Leo mashine ndiyo inayosukuma, ila kazi ni ileile ya kukaa na mgonjwa na kumkinga asiumie zaidi wakati mwili wake unajiponya. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba wagonjwa walioumia mapafu vibaya wakipewa pumzi ndogo ya mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wao, badala ya 12, vifo hushuka kutoka takriban asilimia 40 hadi 31. Hapakuwa na dawa mpya. Madaktari walijizuia tu. Asiyefurahia kugeuza kitufe kidogo kisha kusubiri hadi alfajiri atachoka mapema, hata awe hodari kiasi gani wa kuingiza mpira wa kupumulia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniandaa nalo ni ndugu wa mgonjwa. Usiku mmoja nilizungumza na binti wa mzee ambaye mapafu, figo na moyo vilikuwa vimegoma kwa pamoja. Nilimweleza kwa dakika ishirini, kiungo baada ya kiungo, naye akaniuliza swali moja tu: "Daktari, ananisikia?" Mkononi nilikuwa na majibu ya gesi za damu, na hilo halikuwamo. Mazungumzo ya namna hiyo utakuwa nayo karibu kila siku, na kama yanakuumiza kupita kiasi, au hayakuumizi hata kidogo, ningekusihi ufikiri upya.

Jibu la pili

Nilifanya kazi ya ICU miaka saba, nikaiacha, na sijutii kuisomea. Nakushauri usiisome peke yake. Kwa mfumo wa Marekani, aliyemaliza magonjwa ya ndani husoma wagonjwa mahututi kwa miaka miwili, au huunganisha na mapafu kwa miaka mitatu. Mwaka huo mmoja wa ziada ndio ulionipa mlango wa kutokea, maana usingizi uliponiishia nilihamia kliniki ya mapafu bila kuanza upya. Utaambiwa kwamba utafanya kazi wiki moja na kupumzika wiki inayofuata. Ni kweli sehemu nyingi, ila siku mbili za kwanza za mapumziko hayo utazimaliza kitandani, tena ukisikia kengele za mashine ambazo hazipo.

Jibu la tatu

Sisi madaktari wa usingizi husoma ubobezi huu mwaka mmoja tu katika mfumo huohuo, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Nakuongezea jambo moja. Kabla ya kujaza fomu, uliza utakapofanya kazi baadaye pana wauguzi wangapi wa ICU kwa kila zamu, na kama figo zikigoma usiku damu inaweza kusafishwa usiku huohuo. Mbobezi asiye na wauguzi wa kutosha hubaki mtu wa kuandika maagizo yasiyotekelezeka.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote. Hilo la wauguzi sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nitaomba nipangiwe mwezi mzima wa zamu za usiku kabla ya kurudisha fomu, na njia ya kuunganisha na mapafu nitaitazama kwa makini. Ila, daktari wa jibu la kwanza, binti yule ulimjibu nini?

Jibu la kwanza

Nilimwambia sijui, lakini azungumze naye kama mtu anayesikia. Nikamvutia kiti karibu na kitanda.