MREJESHO: Bagi ya mchangani yenye injini ya Volkswagen, taa hafifu na injini kuzimika

Habari wakuu. Niliomba msaada kuhusu bagi kuukuu (kigari cha wazi cha kuendesha mchangani) niliyonunua huku California: bodi ya faiba juu ya chasi ya Volkswagen mgongo wa chura iliyokatwa ikafupishwa, mtindo alioanzisha Bruce Meyers miaka ya 1960. Taa zilikuwa hafifu, na injini ya 1600 ilizimika ikishapata moto.

Asanteni sana. Aliyesema "faiba haipitishi umeme, tafuta ethi", Mungu ambariki. Waya za ethi (za kurudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha chasi) zilikuwa zimefungwa kwenye faiba yenyewe! Nimevuta waya kutoka kila taa hadi kwenye chuma cha chasi, nikakikwangua kwa msasa mpaka kikang'aa ndipo nikafunga nati. Sasa zinamulika hadi raha.

Tapeti (vyuma vinavyosukuma valvu) nimeziseti injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya 0.15 mm, valvu zote nane. Mlio umetulia, na asubuhi inawaka bila kubembelezwa.

Kuzimika kumepungua, hakujaisha. Nimebadilisha mipira yote ya petroli (ya zamani ilikuwa na nyufa, na hiyo ni hatari ya moto, msiiache) na kuipitisha mbali na joto. Barabarani haizimiki tena, ila kwenye mchanga mzito na jua kali bado inakata. Ushauri wa kubadilisha kabureta nimeuweka kando kwanza. Baadhi ya mabati ya kuelekeza hewa ya kupooza injini hayapo. Nimeyaagiza, naanza na hayo.