Bao la kete kwa CNC 3018: shimo linatoka umbo la yai, na biti inazama katikati ya kazi

Karakana_Ndogo

Wakuu, naomba macho yenu. Kazi ni bao la kiswahili kwa mashine ya 3018 (CNC, inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta): eneo la 300 × 180 mm, Z 45, mota ya 775, ubao wa GRBL, programu inayoendesha mota. Mashimo yote 32 yana upana wa 60 na kina cha 18, na ukuta kati ya shimo na shimo ni 8, kwa hiyo kitovu hadi kitovu ni 68. Nimechagua 60 kwa sababu kete ni za komwe. Shimo dogo linajaa upesi. Bao zima linafika 544 × 272 na haliingii mashinani, hivyo nimeligawa vipande vinne vya 272 × 136, kila kimoja safu mbili za mashimo manne. Mbao ni mninga, unene 35.

Kipande cha majaribio kina kasoro hizi. Shimo lina 60.0 kwa X lakini 59.6 kwa Y. Kuanzia shimo la tano kina kimezidi kwa 1.2 mm, ingawa faili ni lilelile. Kingo zimechanika pale biti inapokata nyuzi mkingamo, na chini ya shimo kuna weusi wa kuungua.

Biti ya kupunguzia ni bapa ya 6 mm, ya kumalizia ni ya kichwa duara ya 6 mm, zote za meno mawili. Mwendo 300 mm kwa dakika, kina 1.5 kila pito. Koleti, kile kibanio kinachoshika biti, ni ile ya 6.35 iliyokuja na biti nyingine. Niongeze tu namba ya $101, ile ya hatua za mota kwa kila milimita ya Y?

Nati_na_Bolti

Mkuu, $101 usiiguse kabla hujajua ugonjwa ni upi. Chonga shimo la 20 mm kwenye kipande hichohicho, pima Y. Likitoka 19.6, upungufu ni 0.4 palepale hata shimo likiwa dogo, basi hiyo ni pley, yaani ulegevu kati ya skrubu na kitanda unaoonekana mwelekeo ukigeuka. Likitoka 19.87, upungufu unafuata ukubwa wa shimo, basi hatua kwa milimita zimekosewa na hapo ndipo unarekebisha $101: namba ya sasa mara kipimo ulichoagiza, gawa kwa kipimo ulichopata. Hesabu ya msingi ya mashine hizi: stepa (mota ya hatua) hatua 200 kwa mzunguko, dereva inagawa kila hatua mara 16, skrubu ya T8 inayosogea 4 mm kwa mzunguko inakupa 3200 ÷ 4 = 800. Ukikuta 800 tayari ipo, mimi nashuku pley.

Pitisha ukucha ndani ya ukingo pia. Pley ya Y huacha kijingazi sehemu mbili tu za duara, ile ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, kwa sababu hapo ndipo kitanda kinageuza mwelekeo.

Kuhusu kuzama: biti inateleza kwenye koleti. Koleti ya 6.35 itaubana mche (shina la biti) wa 6, ila inaushika kwa midomo tu, na mifereji ya biti huivuta biti kwenda chini kila inapong'ata. Tafuta koleti ya ER11 ya 6 kamili. Na uifunge kwa utaratibu: koleti kwanza iingie kwenye nati yake mpaka usikie *tak*, ndipo nati iende kwenye spindo. Wengi huingiza koleti kwenye spindo kisha nati juu yake. Inakaza vizuri mkononi, lakini koleti imekaa upande. Piga mstari wa kalamu ya maka kwenye mche, pale unapokutana na koleti. Kazi ikiisha mstari umeshuka, umeshamkamata mwizi. Mstari ukibaki palepale na kina bado kimezidi, angalia kapling ya Z, kiungo cha mota na skrubu, skrubu zake za alen hulegea.

Weusi ni mwendo mdogo. Mota hiyo ikiwa na mzigo inazunguka kama 8000 kwa dakika. Kwa meno mawili na 300 mm, kila jino linakata 0.019 mm. Huko siyo kukata tena, ni kusugua, na mninga unajibu kwa moshi. Panda hadi 700, ambapo jino linapata kama 0.044, halafu ushushe kina cha pito kuwa 0.8 ili fremu isitetemeke. Unatafuta vipande vidogo vya mbao. Ukiona unga mtupu, bado.

Karakana_Ndogo

Shimo la 20 limetoka 19.6. Mstari wa kalamu umeshuka zaidi ya milimita. $101 ni 800.

Nati_na_Bolti

Basi yote mawili yamejulikana. Zima umeme. Shika kitanda kwa mkono, kisukume na kukivuta kwa Y huku ukiitazama skrubu. Skrubu nzima ikienda mbele na nyuma, tatizo liko kwenye beringi au kapling: isukume skrubu ikae, kaza. Skrubu ikitulia lakini kitanda kinacheza, ni nati. Legeza skrubu zinazoishika nati, peleka kitanda karibu na mota ili nati ijipange yenyewe na skrubu, kaza hapohapo, kisha kijaribu upande wa pili. Kikiwa kizito upande mmoja, hujapanga vizuri. Kama ni nati moja ya shaba isiyo na springi, badilisha uweke ya springi. Kuna programu zinazofidia pley kwa hesabu, ila hazizuii kitanda kurushwa na biti, kwa hiyo usizitegemee.

Mche_wa_Mninga

Kabla hujachonga vipande halisi, rudi kwenye mchoro. Nyumba, lile shimo la mraba, ni la tano kutoka kushoto kwa kila mchezaji, safu ya ndani. Maana yake upande wa pili unaupata kwa *kuzungusha* nusu bao digrii 180, siyo kwa kuigeuza kama kioo. Ukibofya kitufe cha kioo, nyumba mbili zitatazamana uso kwa uso na bao limeharibika. Faida ya kuzungusha ni kwamba unahitaji faili mbili tu: kipande kisicho na nyumba, mara mbili, na chenye nyumba, mara mbili.

Jambo la pili ni gundi. Ungio linalofuata nyuzi, la upande wa 272, litashika kuliko mbao yenyewe. Ungio la katikati, baina ya shimo la nne na la tano, ni kichwa cha mbao kwa kichwa cha mbao, na hapo gundi inanyonywa na nyuzi. Litaachia tu. Tengeneza nusu mbili za 272 × 272, uziunganishe kwa vigingi viwili vya 8 mm: gundi upande mmoja, upande wa pili vikavu, bao liweze kuachanishwa na kubebwa. Toboa 26 mm kutoka uso wa juu, chini ya mashimo ya safu za nje, kina 30. Kigingi kinapita kati ya 22 na 30, shimo lenyewe linaishia 18, hamgusani.

Najua utatamani bawaba. Nyumba zote mbili ziko kando kabisa ya ungio hilo na ukuta umebaki 4 mm, skrubu ya bawaba itatokeza ndani ya nyumba.

Kingo: anza kwa biti ya V, zungushia kila shimo mstari wa kina cha 0.5 kabla ya kupunguza. Nyuzi zikishakatwa hapo, biti bapa haina cha kuchana.

Keekee35

Muda nao uangalie. Shimo moja la umbo la bakuli ni kama sentimita za ujazo 28.5. Kwa biti ya 6, pito la 0.8 na hatua ya pembeni 2.4, kupunguza peke yake ni dakika zaidi ya 20 kwa shimo, mara 32, na 775 haipendi kuchemka saa kumi na zaidi. Chukua biti ya 35 mm wanayotumia maseremala kwa bawaba za kabati, toboa katikati ya kila shimo hadi kina cha 12 kwenye drili ya kusimama. Pembeni mwa tundu hilo shimo lako lina kina cha 13, kwa hiyo umebakiza milimita moja, na ncha ya katikati haifiki 18. Umeondoa asilimia 40. Ila mwambie mchoro wako kwamba hapo katikati pameshatobolewa, vinginevyo mashine itakata hewa kwa muda uleule. Kumalizia: njia ya mzunguko, hatua ya 0.6, msasa utakaohitaji ni namba 180 tu.

Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha pua. Na atakayebadili mbao akachukua mvule, apitishe jicho kwanza: mvule huwa na vijiwe ndani, kimoja kinamaliza biti.

Karakana_Ndogo

Asanteni. La mwisho: pembe za nyumba zinabaki na mviringo wa 3 mm. Nibadilishe biti?

Mche_wa_Mninga

Ya 3.175 itazipunguza hadi 1.6 hivi, na utasubiri sana. Patasi ya nusu inchi, pembe nane, robo saa.