Wanaume wa nyanda za juu, tupeane uzoefu: nguo gani ilikufundisha kuvaa?

Wakuu, salaam. Baridi la Mbeya limeanza kung'ata, na leo nimetoka na koti langu la kijivu, mwaka wa saba huu. Nililiopoa Mwanjelwa asubuhi belo limefunguliwa tu, Sh 15,000. Mabega yalinikaa, ila mikono ilifika vidoleni. Fundi akaligeuzageuza, akasema: "Kijana, mikono nitakupunguzia, kiuno nitakubana. Bega likipwaya, usiniletee." Tangu hapo nikishika koti sokoni naanza na bega, rangi baadaye.

Kabla ya hapo nilikuwa na suruali kumi na moja na hakuna hata moja iliyonikaa. Sasa nina kadeti tatu na mashati manne, na jirani anauliza kila Jumapili kama naenda kutoa posa.

Karibuni.

Baridi ya Njombe: Mimi ni sweta. Lilikuwa la sufu safi, nikalifua mwenyewe kwa maji ya moto, povu jingi, nikasugua kama gunia. Lilirudi la mtoto wa darasa la tatu, na kweli mwanangu ndiye aliyelivaa. Siku hizi nafua kwa maji baridi, nakamua taratibu, nalilaza juu ya taulo. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limelowa, linavutika mpaka magotini.

Kujua kama ni sufu kweli, chomoa uzi kwenye pindo uuchome. Ukinuka nywele zilizoungua, ni yenyewe. Ukiyeyuka ukaganda kama plastiki, hiyo ni ya kiwandani, na Julai hapa Njombe utaijutia. (Usichome mbele ya muuzaji. Mimi nilifukuzwa.)

Mwana Tukuyu: Huku kwetu mvua haina ratiba. Viatu vikilowa, jaza magazeti ndani, weka kivulini. Nilianika moka zangu kando ya jiko la mkaa, asubuhi ngozi imepasuka kama ardhi ya kiangazi.

Mnyalu wa Kihesa: Kamwene! Yangu inauma. Baba alikuwa mwalimu, akanipa kaunda suti yake ya bluu iliyoiva, ile mikono mifupi, mifuko minne. Jina lenyewe ni la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, na mzee alikuwa akiivaa anatembea kama naye ana nchi ya kuongoza. Mimi nikaona imepitwa na wakati. Nikampelekea fundi mmoja suruali aipunguze kidogo. Akaikata ikawa modo, kitambaa cha ziada akakitupa. Nikaenda nayo nyumbani. Baba akaitazama kutoka juu hadi chini, akauliza: "Hii ilikuwa imekukosea nini?"

Shati lake bado ninalo. Nalivaa na kadeti nyeusi, na kila harusi lazima mzee mmoja aniulize nimeshonesha wapi. Kwa hiyo ushauri wangu: mwambie fundi aache akiba ndani ya mshono, na umsimamie hapohapo akikata.

Baridi ya Njombe: Pole, Mnyalu. Mzee amekusamehe?

Mnyalu wa Kihesa: Alinipa mkanda wake Krismasi iliyopita. Kanikataza kuutoboa.

Mwana Tukuyu: Mwenye uzi, huyo fundi wa Mwanjelwa bado yupo?

Koti la Kijivu: Yupo. Ila ukimkuta Januari ana sare za shule mpaka dirishani, hata salamu haitikii.