Naomba ushauri: nyoka mchanga aina ya boa aanze na boksi la ukubwa gani?
Wakuu, habari zenu. Nipo Marekani, nachukua boa wa kwanza. Kazaliwa kwa mfugaji; wa porini simtaki, huja na minyoo na utitiri. Ana sentimita 60, anakula panya waliogandishwa kisha wakayeyushwa.

Upande wa joto ni nyuzi 32 za Selsiasi, wa baridi 26, kwa kidhibiti joto. Unyevu asilimia 60 hadi 70. Atalishwa kila siku 10 hadi 14, panya asiyezidi unene wa tumbo lake, na hashikwi saa 48 baada ya kula, asije akatapika.

Ninapokwama ni makazi: nianze na boksi la sentimita 90 lenye maficho mawili yanayombana vizuri, au nijenge la mita 1.8 moja kwa moja? Nahofia nafasi kubwa tupu itamfanya agome kula. Mliofuga, nisaidieni.