Kwa nini elektroni haiangukii kwenye kiini?

Mwl_Chumbageni: Habari za jioni wadau. Nipo Tanga, nafundisha kemia. Wanafunzi wanauliza: kiini ni chanya, elektroni ni hasi, mbona haivutwi ikaanguka? Na kwa nini 2:8:8, yaani idadi ya elektroni kwa kila ganda kutoka ndani, inagoma baada ya kalsiamu?

Raskazone: Mwalimu, swali hilo la kwanza ndilo lililoikwamisha modeli ya mwanafizikia Rutherford ya 1911, ya elektroni kuzunguka kiini. Kiini alikipata kwa hoja nzuri sana: Geiger na Marsden walielekeza chembe za alfa (nzito, zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba za metali, dhahabu ikiwemo, na takriban moja kati ya 8,000 ikarudi nyuma. Lakini kwa fizikia ya siku zile, elektroni inayozunguka hutoa mwanga na kupoteza nishati. Ingefika kwenye kiini kabla hata ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Mwaka 1913 mwanafizikia Bohr akaweka ngazi maalumu za nishati. Kwa hidrojeni, E = −13.6/n² eV, ambapo E ni nishati, n ni namba ya ngazi na eV (elektronivolti) ni kipimo cha nishati. Wape wakokotoe kushuka kutoka n=3 hadi n=2: 13.6 × (1/4 − 1/9) = 1.89 eV. Gawanya 1240 (namba ya kugeuza eV kuwa urefu wa wimbi) kwa 1.89, unapata nanomita 656, mstari mwekundu unaoonekana kweli maabara. Wengi hukosea kwa kusahau kipeo cha pili.

Fundi_Spektra: Waone kwa macho. Lowesha ncha ya kijiko cha chuma, chovya kwenye chumvi, weka kwenye moto wa bluu wa jiko la gesi: njano ya sodiamu, nanomita 589. Koroboi haifai, masizi yake yenyewe yanang'aa njano. Kisha watazame taa ya tyubu kwa kuakisi kwenye CD chakavu, zipo mtaani Ngamiani hapo Tanga. Rangi zitakuja zimetengana. Taa ya LED itawapoteza, rangi zake zimeungana.

Raskazone: Ila Bohr alikataza tu elektroni isianguke, hakueleza sababu. Sababu ilikuja na nadharia ya mwanafizikia Schrödinger ya elektroni kama wimbi, 1926: ukiibana elektroni karibu na kiini, nishati yake ya mwendo hupanda. Mvuto na mwendo hulingana kwenye nanomita 0.053 hivi. Hili wafundishe bila woga, linaeleweka.

2:8:8 ni ya muda tu, maana ganda la tatu hubeba hadi 18. Kwenye kalsiamu, 4s (sehemu ya ganda la nne) hujaa kabla ya 3d (sehemu ya ganda la tatu), ndiyo 2:8:8:2. Skandiamu inarudi kujaza ndani: 2:8:9:2.

Mwl_Chumbageni: Ahsanteni sana. Fomula ya 13.6 inafaa kwa heliamu?

Raskazone: Ikibaki na elektroni moja tu, ndiyo: zidisha kwa 4, yaani −54.4 eV. Zikiwa mbili zinasukumana, fomula haifai tena.